Rupia ya Mjerumani, shilingi ya simba na senti za tundu: jinsi ya kuitambua sarafu na kuijua bei yake kabla hujaiuza

Huku Kanda ya Ziwa sarafu za zamani zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Zipo kwenye masanduku ya bibi zetu, zipo kwenye mikoba ya waganga, zingine zimeunganishwa na shanga, na zingine zinaokotwa shambani mvua ikishapiga. Halafu utasikia huyu kauza rupia safi kabisa kwa sonara kwa bei ya fedha ya kuyeyusha, na yule amekalia senti ya tundu ya 1952 anasubiri mzungu wa milioni hamsini. Wote wawili hawajui walichoshika, na kujua sio kazi ngumu, bei ya sarafu inaamuliwa na mambo manne tu: ni sarafu gani, mwaka gani, imetoka kiwanda gani, na imelika kiasi gani. Hilo la mwisho ndio watu hawaliangalii kabisa na ndilo linalobeba bei kuliko yote.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida. Tafuta lensi ya kukuzia hata ile ya fundi saa, sumaku (toa kwenye spika mbovu), tochi ya simu, rula yenye milimita, na mzani mdogo wa dijitali unaosoma mpaka gramu 0.01. Mwanza mzani huo sio shida maana wanunuzi wa dhahabu wanautumia kila siku, ukiwa huna omba upimiwe, ila simama hapohapo usiondoe macho.

Hatua ya kwanza: usiisafishe

Naanza na hili kwa sababu ukilikosea hamna hatua nyingine itakayokusaidia. Mtu akiokota sarafu nyeusi kitu cha kwanza anakimbilia ndimu, majivu, dawa ya meno, au steel wire ya kusugulia sufuria, anasugua mpaka iwake, anapiga picha anaweka kwenye group. Mnunuzi anayejua akiona ile picha anaona mikwaruzo midogo midogo elfu moja na anashusha bei nusu au zaidi, wengine hata hawajibu. Ule weusi kwenye fedha ni ngozi ya sarafu, imejijenga miaka mia, ukiitoa hairudi.

Kama ina udongo au mchanga wa ziwa, ilaze kwenye maji ya kuongezea betri, yale masafi yasiyo na chumvi wanayouza sheli, na uwe makini sana usipewe asidi ya betri maana chupa zinafanana. Iache siku moja au mbili, badilisha maji, kisha itoe uiweke juu ya kitambaa laini uigandamizie tu mpaka ikauke, usifute. Kama udongo umegoma kutoka uache hivyohivyo. Kutu ya kijani kwenye shaba kama ni ngumu na imetulia haina neno, ila ikiwa ni unga unga unaodondoka hiyo sarafu inaendelea kuliwa, itenge na zenzake na uiweke sehemu kavu. Hewa ya huku ina unyevu muda mwingi, kwa hiyo vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, weka ndani ya kopo la sarafu. Tumia bahasha za karatasi. Ile mifuko laini ya plastiki inayonuka inatoa majimaji ya kijani yanayoharibu shaba.

Na shika sarafu pembeni, kwa ukingo, vidole visiguse uso.

Hatua ya pili: ijue ni ya nani

Za kwetu huku zinaangukia kwenye makundi machache, ukishayazoea unaitambua sarafu hata kabla hujavaa miwani.

Kundi la kwanza ni la kampuni ya Kijerumani iliyotawala kabla serikali yao haijashika fedha yenyewe. Hizi zina maandishi DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT. Rupia zake za fedha, za kuanzia 1890 mpaka 1902, upande mmoja yupo Kaiser (mfalme wa Wajerumani) Wilhelm II na kofia ya chuma yenye tai juu, upande wa pili kuna ngao yenye simba na mnazi. Kuna nusu na robo pia, na kuna rupia mbili, sarafu kubwa ya milimita 35 hivi, ya 1893 na 1894, ukiiona hiyo kaa chini kwanza, ni adimu na usikubali hata kidogo iingie kwenye moto wa sonara. Kwa shaba walitoa pesa, ina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande mwingine, na pesa 64 zilikuwa rupia moja.

Kundi la pili ni la serikali ya Kijerumani kuanzia 1904, maandishi ni DEUTSCH OSTAFRIKA tu, neno la kampuni halipo. Hapa rupia ikagawanywa kwa heller 100. Utakutana na nusu heller, heller moja (hizi ni nyingi sana, ndizo zinazookotwa zaidi), heller 5 ya shaba ya 1908 na 1909 ambayo ni likubwa kweli, gramu 20 hivi, na heller 5 na 10 nyeupe zenye tundu katikati. Tundu hilo ni la kiwandani.

Kundi la tatu ni za vita, Tabora 1916. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, fedha kutoka Ujerumani haifiki, kwa hiyo Wajerumani wakatengeneza sarafu palepale Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Mwaka huohuo mwezi wa saba Mwanza ikachukuliwa na Waingereza, na Tabora ikaanguka mwezi wa tisa, yaani zilitoka kwa miezi michache tu. Heller 20 za Tabora hazijakaa vizuri, uzito unatofautiana, chapa imekwenda upande, na huo sio ufeki, ndivyo zilivyozaliwa. Rupia 15 ina tembo ameinua mkonga na mlima nyuma yake, zilitengenezwa kama elfu kumi na sita tu.

Kundi la nne ni za Mwingereza. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, upande mmoja mfalme, upande mwingine simba na milima. Kabla yake 1920 kulikuwa na florin ambayo haikukaa sana. Senti 1, 5 na 10 ni zile za tundu zenye pembe za ndovu.

Halafu kuna wageni. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu 1901 meli zikaanza kuleta biashara mpaka Mwanza, watu wakawa wanauza ngozi na baadaye pamba, na rupia za India zikaingia nazo kwa wingi, kwa hiyo usishangae kukuta rupia ya Malkia Victoria au Edward VII Ukerewe ndani. Uzito wake na wa rupia ya Mjerumani ni uleule na vilitembea mfuko mmoja. Kuna pia riali kubwa ya fedha ya Maria Theresa yenye mama mwenye kifua kikubwa na mwaka 1780, na kuna pesa ya shaba ya Zanzibar ya Sultani Barghash yenye picha ya mizani.

Hapo kwenye miaka kuwe na utulivu. Ile riali ya 1780 imeendelea kutengenezwa zaidi ya karne nzima baadaye huku mwaka ukiachwa uleule, kwa hiyo 1780 haikuambii umri wake. Na pesa ya Zanzibar ina tarakimu za Kiarabu 1299, mtu anasoma anasema ina miaka mia saba na kitu, hapana, huo ni mwaka wa Kiislamu. Chukua namba hiyo zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622. 1299 inakuja 1882. Za kampuni ya Kijerumani utakuta 1307, 1308 na 1309, hizo ni 1890 mpaka 1892, na ukigeuza upande wa tai mwaka wa kizungu upo.

Hatua ya tatu: tafuta herufi ya kiwanda

Hii ni herufi ndogo sana, wakati mwingine ni ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, na wengi wanadhani ni doa. Washa tochi ya simu uilaze pembeni ya sarafu, mwanga upite juu juu usipige moja kwa moja, herufi inajitokeza kwa kivuli chake.

Kwa Mjerumani, kuanzia 1904, angalia sehemu ya chini, pande zote mbili. A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora. Basi. Za kampuni za kabla ya hapo hazina herufi na ni halali kabisa, usikubali mtu akushushie bei eti "haina chapa hii ni feki".

Kwa Mwingereza geuza upande wa simba au wa pembe za ndovu, zungusha macho chini na karibu na mwaka. H ni kiwanda cha Heaton Birmingham, KN ni King's Norton na yenyewe ni hukohuko Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria Afrika Kusini. Isiyo na herufi ni London. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndio unakuta I na SA kwa wingi, viwanda vya Uingereza vilikuwa na kazi za vita na njia za baharini zilikuwa hatari, kwa hiyo shilingi zetu zikapigwa India na Afrika Kusini.

Kwa nini herufi inabadilisha bei? Kwa sababu kila kiwanda kilitoa idadi yake. Mwaka mmoja Hamburg inaweza kutoa mamilioni na Berlin ikatoa kidogo tu, sarafu zinafanana kama mapacha lakini moja inatafutwa na nyingine inajaa kwenye makopo. Kwa hiyo ukiandika kuulizia bei usiandike "rupia ya mjerumani ya 1905", andika "rupia 1, 1905, J". Herufi inasaidia pia kukamata feki, maana sio kila mwaka viwanda vyote vilifanya kazi: rupia ya 1904 ni A na ya 1914 ni J. Ukiletewa rupia ya 1904 yenye J kaa mbali nayo.

Nikizungumzia herufi na majina, kuna hizi senti 5 na 10 za tundu za 1936 zilizoandikwa EDWARDVS VIII. Huyu mfalme aliachia kiti mwezi wa kumi na mbili 1936 kabla hata hajatawazwa, na kule Uingereza sarafu zake ni adimu za kutisha. Watu wanasoma hiyo habari wanadhani na hii yao ni hivyo. Za Afrika Mashariki zilitoka nyingi, tena kutoka viwanda vyote, H, KN na London, kwa hiyo ni sarafu nzuri yenye hadithi nzuri na bei yake ni ndogo.

Hatua ya nne: pima, maana feki zimejaa

Anza na sumaku. Fedha, dhahabu na shaba hazishikwi na sumaku. Ikishika, umemaliza kazi.

Kisha uzito. Rupia 1, iwe ya Mjerumani au ya India, ni gramu 11.66 na upana kama milimita 30. Nusu ni 5.83, robo ni 2.92. Rupia mbili ni 23.32. Shilingi ya simba ni 7.78. Riali ya Maria Theresa ni 28.07. Rupia 15 ya dhahabu ni 7.17. Iliyolika sana inaweza kupungua kidogo, rupia ikisoma 11.4 sina shida nayo, ikisoma 10 au 9 ni kitu kingine hicho.

Sasa kuna kipimo cha maji ambacho nakipenda kwa sababu hakiharibu kitu na hakitaki mtaalamu. Weka glasi ya plastiki yenye maji juu ya mzani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ndani ya maji lakini isiguse chini wala ukuta wa glasi, wewe umeshikilia uzi. Mzani utasoma namba ndogo. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa hiyo namba. Rupia halisi itasoma kama 1.13 kwenye maji, 11.66 gawanya kwa 1.13 unapata 10.3, hiyo ndio fedha ya rupia, asilimia 91.7. Ukipata 8 na kitu ni shaba iliyopakwa. Hakikisha hamna povu lililong'ang'ania kwenye sarafu, litakudanganya.

Kwa ile ya tembo kipimo hiki ni lazima. Dhahabu yake ni asilimia 75, kwa hiyo jibu linatakiwa liwe kwenye 15 hivi, wakati shaba njano yenye ukubwa uleule haifiki hata gramu 5 kwenye mzani. Zinatembea nyingi za shaba zilizopakwa rangi ya dhahabu na wanaouza wana maneno matamu.

Angalia na ukingo. Feki za kumimina kwenye kalibu zinaacha mstari unaozunguka pembeni, mistari ya ukingo inakuwa imezibika, uso una vitundu vidogo vidogo na herufi zimevimba kama zimeloa, wakati sarafu iliyopigwa na mashine ya kiwandani herufi zake zina kona kali hata kama imechakaa.

Na hili la mchele lazima niliseme. Huku kwetu kuna watu wanapita wanatafuta "rupia inayovuta mchele", eti ukiisogeza punje zinaifuata, au inazima tochi, au inasimamisha saa. Hamna sarafu ya hivyo, haijawahi kutengenezwa Berlin wala Hamburg wala Tabora, na fedha haivuti hata pini. Mchezo wenyewe unajulikana: anakuja "mnunuzi" anakuahidi mamilioni, kisha inahitajika hela ya mtaalamu wa kuja kuipima, hela ya dawa ya kupimia, hela ya kibali, na wewe ndio unatoa. Kuna familia zimeuza ng'ombe na viwanja kwa ajili hiyo. Mnunuzi wa kweli hakuombi hata shilingi, anakuomba picha mbili na uzito.

Hatua ya tano: soma hali yake, hapa tulia

Sarafu hailiki yote kwa pamoja, inaanza kulika pale palipoinuka. Kwa hiyo swali sio "inang'aa au haing'ai", swali ni sehemu zilizoinuka zimebaki na nini.

Chukua rupia ya serikali, tuseme 1910 J, iliyotoka kwa mama mmoja Ukerewe, ilikuwa kwenye sanduku la marehemu mkwe wake. Tuisome kwa pamoja. Iweke karibu na dirisha, mwanga utokee ubavuni. Anza juu kabisa kwenye tai wa kofia, kichwa chake na bawa ndio vinaguswa kwanza na kila kidole na kila meza. Hapa kichwa cha tai kimebaki umbo tu, manyoya ya bawa yanaonekana kwa chini ila juu yamelala. Shuka kwenye masharubu ya Kaiser: ncha zimesimama, mistari ya nywele inahesabika nusu. Shavu limekuwa tambarare kidogo. Bega, mapambo ya juu yamefifia, ya chini yapo. Geuza: matawi kuzunguka "1 RUPIE", mistari ya katikati ya majani iko wazi kwa mengi yake, fundo la chini limelainika. Herufi zote kali, J inasomeka bila lensi. Ukingo hauna pengo wala alama ya nyundo. Weusi wa kijivu umeenea sawasawa, hamna mikwaruzo ya kusugua. Hiyo kwa wanunuzi wa kizungu ni VF, Wajerumani wao wanaandika ss, na wanunuzi wakubwa wa sarafu hizi wako Ujerumani kwa hiyo zijue zote mbili.

Ikiwa chini ya hapo, uso upo lakini ndani hamna kitu, tai amekuwa uvimbe na masharubu ni kivuli, hiyo ni F au s. Chini yake tena unaona umbo na mwaka tu, hapo unauza fedha, labda mwaka uwe adimu. Ukipanda juu ya VF unakuta EF, au vz: kila unyoya wa tai upo, ni ncha tu za juu kabisa zimepoteza ule mng'ao. Juu ya wote ni UNC au st, haijawahi kutumika. Hii ijaribu kwa kuizungusha taratibu chini ya taa, utaona mistari ya mwanga inazunguka juu ya uso kama spoku za baiskeli. Mng'ao wa kusugua hauzunguki hivyo, unawaka tu mahali pamoja, na hapo ndipo muuzaji aliyesugua anapokamatwa.

Kwa shilingi ya simba angalia uso wa simba na manyoya ya shingo, kwa mfalme George V angalia ndevu, nyusi na shanga za taji, kwa George VI nywele za juu ya sikio. Kwa heller angalia matao ya taji, yale yenye lulu ndogo ndogo, lulu zikihesabika una sarafu nzuri. Za tundu, ncha za pembe na vito vya taji.

Halafu kuna majeraha, na haya ni tofauti na kulika. Sarafu nyingi za huku zilivaliwa shingoni, kwa hiyo utakuta rupia imetobolewa karibu na ukingo, au ina alama ya risasi ya kuchomelea kipete. Hiyo hata kama uso ni EF itauzwa karibu na bei ya fedha yake tu. Tundu lililozibwa ni vilevile, tazama kwa tochi utaona duara lenye rangi tofauti. Mimi binafsi sarafu iliyovaliwa na bibi yangu nisingeiuza kabisa, sokoni wataona tundu tu.

Hatua ya sita: piga hesabu

Kwanza pata bei ya chini, ile ambayo hata mjinga hapaswi kushuka chini yake. Chukua uzito zidisha kwa usafi. Rupia: 11.66 mara 0.917, ni gramu 10.69 za fedha tupu. Nusu ni 5.35, robo 2.67. Riali ni 23.39. Rupia 15 ni gramu 5.38 za dhahabu tupu. Bei ya dunia inatajwa kwa aunsi, gawanya kwa 31.1 upate ya gramu, zidisha, badilisha kwa shilingi ya siku hiyo.

Shilingi ya simba ina mtego wake. Za 1921 mpaka 1946 zina fedha robo tu, yaani gramu 1.94 kila moja. Za 1948 mpaka 1952 zinafanana nazo sana lakini hazina fedha hata chembe, ni nikeli na shaba. Kama mwaka umefutika soma jina la mfalme: GEORGIVS SEXTVS REX ni ya 1948 kuja mbele, haina fedha. Na hakuna shilingi ya simba yenye Malkia Elizabeth, ukiuziwa umeuziwa kitu cha kubuni.

Bei ya chini ukishaipata ndio unaongeza hali, mwaka na herufi. Hapa usiangalie bei ambazo watu wanaomba mtandaoni, mtu anaweza kuomba dola elfu kumi kwa heller moja, kuomba hakuna kodi. Kwenye tovuti za minada tafuta sehemu ya vilivyokwishauzwa, linganisha na sarafu yenye mwaka uleule, herufi ileile na hali ileile, angalia kadhaa, kisha chukua ya katikati. Kwa ujumla nikueleze hali ilivyo: heller moja iliyolika ni bei ya soda au zaidi kidogo. Senti za tundu na shilingi za Mwalimu zenye Mwenge za 1966 ni bei ndogo sana zikiwa zimetumika, tunza kwa ajili ya watoto. Rupia ya mwaka wa kawaida iliyolika inauzwa karibu na fedha yake na nyongeza kidogo, lakini rupia hiyohiyo ikiwa haijatumika inaweza kufika mara kumi ya hapo. Heller 20 ya Tabora iliyo safi inapendwa. Heller 5 kubwa ya 1908 au 1909 ikiwa na lulu zote za taji, usiiachie kirahisi. Na rupia 15 ya tembo halisi inauzwa maelfu ya dola, ndio maana inafekiwa.

Ukitaka kuuza piga picha mbili kila upande, moja mwanga wa dirishani na moja tochi ikiwa imelala, usitumie flashi, weka na picha ya mzani ikisoma uzito. Andika na ubaya wake, tundu, mkwaruzo, kila kitu, anayejua atauona tu na bora auone kwako kwanza. Mtumie picha mnunuzi zaidi ya mmoja. Ukienda kwa sonara mjini jua kwamba yeye ananunua fedha, anakupa bei ya gramu na hana kosa, ndiyo biashara yake, kwa hiyo kwake peleka zilizotobolewa na zilizolika kabisa na sio zile nyingine.

Na kuhusu sheria: usichimbe kwenye maboma na majengo ya Mjerumani wala maeneo ya makumbusho, hayo yanalindwa na kuchimba kunahitaji kibali. Vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, rupia za Mjerumani zimekuja baada ya hapo, lakini kabla hujatuma sarafu yoyote nje ya nchi ulizia kwanza Idara ya Mambo ya Kale, na ulizie kwa maandishi ili uwe na karatasi mkononi posta wakikuuliza. Ukiokota nyingi sehemu moja, kwenye chungu au kopo, usizitawanye, zipige picha zikiwa hapohapo na uandike mahali ulipozikuta, kijiji na upande gani wa mlima au wa ziwa, maana kopo zima lenye historia yake lina thamani kwa makumbusho na kwa mnunuzi kuliko sarafu hizohizo zikiuzwa mojamoja.